Wasomaji Wanauliza: Kufungasha kwa Safari ya Mwishoni mwa Wiki

Barua nyingi tulizopokea kuhusu safari za kupiga kambi zinalalamikia jambo lilelile kwa maneno tofauti: vifaa vimenunuliwa, gari limejaa, lakini kinachohitajika hakionekani. Tumechagua barua sita na kuzifupisha kidogo. Ya kwanza tumeijibu kwa urefu kuliko nyingine zote, kwa kuwa majibu yanayofuata yanaiegemea.

Ndugu Mwandishi, mimi na mume wangu tuna watoto watatu na gari aina ya Toyota IST. Tulikwenda kupiga kambi katika Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa usiku mbili. Tulifika giza likiingia, ikatubidi tushushe kila kitu majanini ili kutafuta tochi, ambayo hatimaye ilionekana ndani ya begi la mtoto wa pili. Hema lilikuwa chini ya mizigo yote. Kesho yake tukarudia kazi ileile tukitafuta chumvi. Tunataka kwenda tena. Je, tununue keria ya juu?
— *Mama wa watoto watatu, Tabata, Dar es Salaam*

Dada yangu, keria isubiri. Ni kweli kwamba kuingiza watu watano na vifaa vya kambi ndani ya IST ni shughuli pevu, lakini barua yako haisemi kwamba kuna kitu kilichokosa nafasi. Inasema kwamba vitu vilikuwemo na havikuonekana. Ukifunga keria leo utakuwa umeongeza mahali pengine pa kutafutia.

Familia nyingi hufungasha kwa kufuata mwenye mali: begi la baba, begi la mama, begi la kila mtoto, kisha vitu vya wote, kama vile tochi, kibiriti na chumvi, husukumwa popote palipobaki mwanya. Nguo zinaweza kuendelea kukaa na wenyewe, na inatosha kila mmoja awe na mfuko mmoja laini unaobonyea, lakini vitu vya wote vinapaswa kufungashwa kwa kufuata kazi yake. Vyote vya kulalia vikae pamoja, vyote vya jikoni vikae pamoja, na vyote vya usafi vivyo hivyo. Kitu kisichoweza kufanya kazi bila mwenzake kisafiri naye katika mfuko mmoja: godoro la upepo na pampu yake, vigingi na nyundo, kopo la samaki na kifungulio, tochi na betri zake. Chumvi haina sababu ya kuwa mbali na sufuria.

Huna haja ya kukimbilia makasha ya bei kubwa. Ndoo mbili za lita 20 zenye vifuniko zinabeba vyombo vya jikoni vya familia yako njia nzima, na mkifika kambini moja inakuwa ya kuoshea vyombo na nyingine ya kuchotea maji. Kapu la ukindu ni zuri kwa vitunguu, viazi na matunda kwa kuwa linapitisha hewa. Andika kwa kalamu nene juu ya kila ndoo na kila mfuko kilichomo, ili hata mtoto anayejua kusoma aweze kutumwa akaleta kitu bila kupekua.

Baada ya kugawa mafungu, jiulize kuhusu kila fungu swali moja tu: litahitajika saa ngapi? Hilo ndilo linaloamua nani aingie kwanza garini na nani aingie mwisho. Katika eneo la Mikumi jua huzama kati ya saa 12 na robo na saa 1 jioni, kutegemea mwezi, na kwa kuwa tuko karibu na Ikweta giza halikawii; baada ya dakika ishirini na kitu unahitaji taa kuona kigingi. Kwa hiyo hema, turubai la kutandika chini yake, vigingi na nyundo viwe vitu vya mwisho kupakiwa na vya kwanza kushuka. Vinavyofuata ni vya kulalia, maana watoto waliotoka Dar es Salaam asubuhi watakuwa wamechoka, na mtoto aliyekwisha kulazwa humpa mzazi nafasi ya kupika kwa utulivu. Nguo za siku ya kurudi zinaweza kukaa chini kabisa ya buti, na hazitamkera mtu. Tochi zenyewe zisiingie buti hata kidogo: moja ikae kwenye droo ya dashibodi na nyingine kwenye mfuko wa mlango, zikiwa zimejaribiwa nyumbani.

Hapo hujitokeza mgongano, kwa sababu kanuni ya saa si ya peke yake. Ipo na ya uzito. Vitu vizito, yaani maji, deli la barafu, mchele, unga na mtungi wa gesi, ni lazima vikae chini na vibanane na mgongo wa kiti cha nyuma, ili gari lisielemewe upande wa mkia na ili breki ya ghafla isivirushe. Gari likigonga kitu likiwa katika mwendo wa kilomita 50 kwa saa, kila kisichofungwa huendelea mbele kwa mwendo huohuo, ambao ni mwendo wa kitu kilichoangushwa kutoka urefu wa takribani mita 10. Ukifikiria sufuria ikifika kwenye kisogo cha mtoto kwa kasi hiyo, utaelewa kwa nini hatupendi kuona mizigo ikirundikwa kupita urefu wa viti. Njia ya kupatanisha kanuni hizi mbili ni kuacha kupanga kwa matabaka. Simamisha mafungu wima, moja kando ya jingine, vizito vikiwa ndani na vyepesi vikiwa karibu na mlango wa buti, ili kila fungu liweze kuvutwa peke yake bila kuangusha mengine. Buti la IST ni fupi, lakini kwa upangaji huo litakutii.

Usibebe maji yote kutoka nyumbani. Ukihesabu lita 5 kwa kila mtu kwa siku, za kunywa na kupikia, familia yako inahitaji lita 50 kwa siku mbili, na hizo ni kilo 50, sawa na mtu mzima mwembamba aliyeongezwa kwenye gari lililokwisha kujaa. Toka na lita 10 za njiani, kisha jaza madumu Morogoro mjini. Hesabu hiyo ina faida pia kwa matairi. Kwenye fremu ya mlango wa dereva kuna kibandiko kinachoonyesha upepo unaostahili, na katika magari mengi kipimo cha gari lililojaa watu na mizigo huwa ni kikubwa kuliko cha siku za kawaida. Pimisha asubuhi matairi yakiwa bado baridi. Kumbuka pia kwamba katika magari madogo mengi, lenu likiwamo, tairi la akiba liko chini ya sakafu ya buti, maana yake pancha moja pale Chalinze itawalazimisha kushusha kila kitu. Hilo halikwepeki, lakini jeki, spana ya magurudumu, pembetatu za tahadhari na mtungi wa kuzimia moto vinaweza kuwekwa chini ya viti vya mbele au pembeni mwa buti, mahali mkono unapofika. Askari wa usalama barabarani akiuliza pembetatu, haipendezi kuanza kushusha magodoro kando ya barabara kuu.

Vitambulisho, leseni, karatasi za bima na uthibitisho wa malipo ya hifadhi viwekwe katika bahasha moja ndani ya mkoba wa mtu mmoja, si zaidi. Kuhusu nguo, Mikumi ina mbung'o, na wadudu hao huvutwa na rangi ya buluu na nyeusi, ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Fungasha nguo za kaki, kijivu au kahawia, zenye mikono mirefu. Mavazi na mabegi yenye mabaka ya kijeshi yaacheni nyumbani, kwa kuwa raia haruhusiwi kuyavaa nchini.

Mwisho, pakieni gari siku moja kabla ya safari, na kabla ya kupakia tandikeni kila kitu juu ya mkeka sebuleni. Mkiona mkeka umejaa kupita kiasi, punguzeni pale pale. Viti vya kukunja ndivyo vya kwanza kubaki, kwa maana mkeka huohuo mliotandika ndio mtakaokalia kambini.

Mwandishi, tulikwenda Saadani kwa siku mbili tukiwa na deli moja la barafu lililojaa kuku, soda, maziwa na matunda. Barafu iliyeyuka kabla hata ya usiku wa kwanza kwisha, kuku akaharibika, na asubuhi tumbili wakaingia ndani ya hema na kutoka na mkate. Nipe mpangilio wa chakula ambao hautatutia hasara tena.
— *Baba wa Kibaha*

Ndugu yangu, deli lako lilifanya kazi mbili zisizopatana. Soda hutafutwa kila nusu saa, hasa kukiwa na watoto, na kila kifuniko kinapofunguliwa hewa ya joto ya pwani huingia na kuila barafu iliyokusudiwa kumlinda kuku. Chukua madeli mawili madogo badala ya moja kubwa: moja la vinywaji, ambalo mtu yeyote anaweza kulifungua atakavyo, na jingine la chakula kibichi, ambalo hufunguliwa na mpishi peke yake wakati wa kupika.

Barafu ya vipande vidogo huyeyuka haraka kuliko bonge moja la uzito huohuo, kwa sababu eneo linaloguswa na joto ni kubwa zaidi. Gandisha maji ndani ya chupa imara za lita moja na nusu, ukiacha nafasi kidogo juu kwa kuwa maji hutanuka yakiganda. Yatapoza chakula kwanza, na yakiyeyuka yatanyweka, wala hayatalowesha kitu. Kuku mwenyewe akatwe, atiwe viungo na agandishwe nyumbani tangu juzi yake, ndani ya chombo chenye kifuniko kinachobana, kisha akae chini kabisa ya deli ili majimaji yake yasichuruzike juu ya vyakula vinavyoliwa bila kupikwa. Deli lenyewe lipozwe usiku wa kuamkia safari, kwa kutiwa chupa mbili za barafu na kufungwa, maana deli lililokuwa stoo lina joto kwenye kuta zake, na joto hilo ndilo la kwanza kula barafu yako. Mkiwa kambini liwekwe kivulini na lifunikwe kwa kitambaa kilicholoweshwa. Kivuli huhama; mtu mmoja apewe jukumu la kulihamisha.

Hata kwa tahadhari hizo, nyama ya deli ni ya usiku wa kwanza na si zaidi ya mchana unaofuata. Bakteria wa chakula huzaana kwa kasi kati ya nyuzijoto 5 na 60, na chakula kilichokaa humo kwa zaidi ya saa mbili hakistahili kuaminiwa, hata kama hakina harufu. Siku ya pili panga vyakula visivyohitaji baridi: wali, ugali, dagaa, samaki wa kopo, viazi, kabichi badala ya mchicha, na nazi nzima ambayo hukunwa siku hiyohiyo. Maziwa yawe yale ya boksi yasiyohitaji friji mpaka yafunguliwe. Hapa tena saa ya matumizi ndiyo inayotawala, kwa hiyo fungasha kila mlo katika mfuko wake wa kitambaa, mchele ukiwa umekwisha kupimwa na kuchambuliwa, viungo vikiwa katika vichupa vidogo, na juu yake uandike "Jumamosi mchana" au "Jumapili asubuhi". Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo usiitegemee. Kwa takataka chukua gunia, nazo zirudi nalo hadi mjini.

Tumbili ni jambo la kufungasha pia. Kambi nyingi za hifadhini hazina uzio, na tumbili na nyani wamekwisha kujifunza kwamba hema lina chakula na kwamba zipu hufunguka. Chakula chote, pamoja na sabuni na dawa ya meno ambazo zina harufu nzuri, kilale ndani ya gari lenye vioo vilivyopandishwa hadi juu, hata mkiondoka kambini kwa dakika kumi. Matunda yasilale hemani kabisa mahali penye tembo. Viatu viingizwe ndani, kwa sababu fisi huvitafuna.

Jiko la gesi lenye mtungi mdogo hutosha kwa safari ya namna yenu, nao usafirishwe umesimama wima, valvu imefungwa, na kioo kimoja cha gari kikiwa wazi kidogo. Ukitumia mkaa, uje nao, kwa kuwa kuokota kuni hifadhini hakuruhusiwi. Fungasha na vifuu vichache vya kuwashia. Jiko la mkaa lisiingizwe ndani ya hema wakati wowote, hata likionekana limezimika, hata kukiwa na mvua na baridi. Mkaa hutoa gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu, na waliolala nayo hawaamki.

Shikamoo Mwandishi. Sisi ni wanafunzi wanne wa chuo hapa Dar es Salaam. Mwezi wa saba tunataka kwenda Lushoto kwa basi na kulala kwenye hema usiku mbili. Hatuna gari, na tulicho nacho ni mabegi ya mgongoni ya kawaida. Tubebe nini, na tupangeje?
— *Mwanafunzi, Ubungo*

Marahaba, mwanangu. Mmechagua mahali pazuri na mwezi wa baridi. Lushoto iko takribani mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kwa kuwa joto hupungua kwa kiasi cha nyuzi 0.6 kwa kila mita 100 za kupanda, mtakuta baridi inayopita ile ya Dar es Salaam kwa nyuzi 8 hivi. Usiku wa Julai ni zaidi. Kwa hiyo nafasi kubwa ya mabegi yenu ni ya joto: sweta, koti, soksi nzito, kofia ya sufi na blanketi kwa kila mmoja. Msisahau godoro jembamba la povu au mkeka mnene wa kutandika chini, kwa sababu anayelala juu ya ardhi tupu hupoteza joto kwa chini hata akijifunika blanketi tatu.

Mkiwa wanne mnahitaji hema moja, jiko moja, sufuria moja na kisu kimoja, lakini mara nyingi kila mwanafunzi huja na vyake. Kaeni pamoja kabla ya safari na mgawane: mmoja abebe kitambaa cha hema, wa pili fimbo na vigingi, wa tatu vyombo, wa nne chakula cha njiani na dawa. Hema lililoandikwa kwamba ni la watu wanne huwatosha watu wanne waliolala bega kwa bega, bila mabegi yao. Jaribuni kulisimamisha uwanjani chuoni kabla ya kulisafirisha, na muone mtakavyolala.

Katika begi, blanketi liende chini kabisa kwa kuwa halitahitajika hadi usiku. Vizito vikae katikati, vikigusa mgongo, maana vikikaa mbali na mgongo vitakuvuta nyuma kwenye mlima. Koti la mvua liwe juu, karibu na mkono. Ndani ya begi tandika kipande cha nailoni nene kabla ya kupanga nguo, kwa sababu begi la shule halizuii mvua. Uzito wa begi usizidi moja ya tano ya uzito wako. Mwenye kilo 60 asibebe zaidi ya kilo 12, na kama anapanda mlima apunguze.

Mtungi wa gesi msipande nao basi. Chakula cha kupika msikibebe kutoka Dar es Salaam, kwa maana mnakwenda mahali ambako viazi, karoti, kabichi na matunda hulimwa na kuuzwa sokoni kwa bei mtakayoifurahia, na mkaa pia hupatikana. Basi litakapowashusha Mombo ili mpande gari la Lushoto, hakikisheni begi lililokuwa kwenye buti ya basi ndilo lenu, na fedha, simu na vitambulisho viwe mwilini tangu kituo cha Mbezi. Mwenye kutapika kwenye kona akae dirishani. Barabara ya kupanda kutoka Mombo ina kona nyingi.

Mwandishi mpendwa, mimi na mke wangu tunapanga kwenda Hifadhi ya Hell's Gate, karibu na Naivasha, wikendi ijayo, na tunataka kubeba baiskeli zetu mbili juu ya gari pamoja na begi kubwa la hema. Tufanyeje ili visianguke?
— *Msomaji, Kasarani, Nairobi*

Someni kwanza kitabu cha gari. Kila gari lina kikomo cha uzito unaoruhusiwa juu ya paa, na uzito wa keria yenyewe huhesabiwa ndani ya kikomo hicho. Baiskeli mbili na hema vinaweza kufikia kikomo hicho upesi. Fungeni kwa mikanda yenye kibano, wala si kwa kamba za mpira, ambazo hurefuka upepo unapovuta. Simameni baada ya kilomita chache na mkaze tena, kwa sababu mzigo hujikalia vizuri gari likianza kutikisika na mikanda hulegea. Pimeni pia urefu mpya wa gari na muuandike kwenye karatasi mbele ya dereva, maana lango la maegesho haliulizi.

Mimi ningeziacha baiskeli nyumbani. Hell's Gate ni mojawapo ya hifadhi chache ambamo mgeni anaruhusiwa kuendesha baiskeli na kutembea kwa miguu, na kwa sababu hiyo baiskeli za kukodi hupatikana langoni. Mizigo ya juu hula mafuta na huyumbisha gari upepo ukivuma kwenye mteremko wa Bonde la Ufa. Hema liingie ndani ya gari, na juu pabaki patupu. Fungasheni pia chupa za maji za kudumu kwa kila mtu, kwa kuwa Kenya ilikataza plastiki za kutumika mara moja ndani ya hifadhi tangu tarehe 5 Juni 2020, chupa za maji za dukani zikiwamo. Blanketi za ziada zitawafaa. Naivasha usiku si Nairobi mchana.

Assalaam alaykum. Tunaishi Maskati, na majira ya baridi familia hutoka kwenda kulala jangwani Sharqiya, kwenye mchanga ambao wengi bado wanauita Wahiba. Hema letu kila mwaka hung'oka kwa upepo, na mchanga huingia hata ndani ya chakula. Kuna ushauri?
— *Msomaji wa Maskati, Oman*

Waalaykum salaam, ndugu yetu. Vigingi vya kawaida havishiki mchanga. Badala yake beba mifuko mitupu ya kitambaa kigumu, ambayo haina uzito wala haichukui nafasi, na mkifika ijazeni mchanga, fungeni kamba za hema kwayo na kuizika kiasi cha urefu wa mkono. Chakula kikae ndani ya makasha yenye vifuniko vya kubana, na mlango wa hema uelekezwe upande ambao upepo hautoki.

Vya kushuka kwanza kwenu si hema, bali ni kipimo cha upepo wa matairi, pampu inayotumia umeme wa gari, beleshi na kamba ya kuvutia. Kabla ya kuingia mchangani hupunguzwa upepo hadi karibu psi 15 hadi 18 ili tairi litandae, na ukirudi kwenye lami ni lazima ujaze kabla ya kwenda mwendo wa kasi. Vifaa hivyo vikizikwa chini ya mazulia na mito, mtashusha nyumba nzima mara mbili. Maji yazidi hesabu ya kawaida, msiende na gari moja peke yake, na mkikosa mahali jangwani msilale bondeni ndani ya wadi, yaani mkondo mkavu wa mto, hata kama mbingu ni nyeupe, kwa sababu mvua iliyonyesha milimani hufika huko bila taarifa.

Mwandishi, hema letu linanuka ukungu na limeanza kuota madoa meusi, ilhali tumelitumia mara chache tu. Tulilinunua bovu?
— *Msomaji, Tanga*

La hasha; bila shaka lilikunjwa likiwa na unyevu. Hata pasipo mvua, pumzi za waliolala na umande wa alfajiri hulowesha kitambaa, na anayekunja saa 1 asubuhi ili awahi barabara hufungasha maji pamoja na hema. Ukilazimika kulikunja likiwa hivyo, lisirudi ndani ya mfuko wake wa kubana. Lilegezwe kwenye gunia peke yake, mbali na mablanketi, na siku hiyohiyo ukifika nyumbani litandazwe kivulini kwenye upepo hadi likauke mishono yote. Jua kali la mchana kutwa huchosha kitambaa. Madoa uliyonayo yafute kwa sifongo na maji ya vuguvugu yenye sabuni isiyo kali, bila dawa ya kung'arisha nguo, ambayo huondoa tabaka linalozuia mvua; harufu itapungua, ingawa madoa mengine yatabaki.

Turubai la chini nalo lina lake. Likichomoza nje ya kingo za hema hukusanya maji ya mvua na kuyapeleka chini ya migongo yenu, hivyo likunje kuelekea ndani pande zote. Vigingi visuguliwe matope na vihesabiwe kabla ya kuondoka kambini, na vikipungua usinunue hema jipya: fundi wa kuchomelea atakukatia vingine kutoka kwenye nondo ya milimita 8, akivichonga ncha na kuvipinda kichwa, na hivyo havipindiki hata kwenye ardhi ya mawe.